Meza Tulivu Melini: Lipia Nini, Achana na Nini

Kama umewahi kula kwenye mkahawa wa Nairobi siku ambayo mtu wa meza ya jirani anasherehekea kuzaliwa, unajua mambo yanavyokwenda. Sufuria zinagongwa, wahudumu wanatoka jikoni kwa msururu wakiimba, na keki inazungushwa ukumbi mzima kabla haijamfikia mwenyewe. Kwa usiku mmoja ni raha. Sasa hebu yapeleke hayo ndani ya ukumbi wa mamia ya watu, usiku baada ya usiku, na huko nje hakuna teksi ya kukurudisha Lang'ata. Kuna bahari tu.

Mama yangu alipotimiza miaka sabini, sisi watoto tulichanga tukamlipia safari ya meli ya kitalii ya siku saba, nami nikawa msindikizaji. Mama huvaa kifaa cha kumsaidia kusikia. Usiku wa pili taa zilipunguzwa ghafla, bosi wa ukumbi akashika maikrofoni, muziki ukafunguliwa, wahudumu wakaanza kucheza katikati ya meza huku wageni wakizungusha vitambaa vya mkono hewani. Mama alikitoa kile kifaa sikioni, akakifunga kwenye leso, akaniuliza, "Kwani hii ni matatu ya Rongai?" Samaki wake alimmaliza kimya, asisikie neno tena.

Tangu hapo, ndugu au jirani akiniuliza meli ipi ni nzuri, namuuliza kwanza anapenda kula vipi. Makampuni huuza meli: mabwawa, materemko ya maji, kasino. Wewe unayetaka kusikia anachosema mwenzako unanunua meza, na meza mbili za meli moja zinaweza kutofautiana kama msitu wa Karura na soko la Gikomba. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja, utulivu unaopata kwa kila shilingi. Dola nimeihesabu kwa takriban shilingi 130.

Kelele inatoka wapi

Onyesho la wahudumu ni sehemu tu ya kelele. Kuna meli ambazo ni kawaida yao kabisa: kampuni ya Carnival wanajulikana kwa wahudumu wanaoimba na kucheza ukumbini, Royal Caribbean kwa gwaride la vitambaa vinavyozungushwa. Meli nyingine zina desturi ya zamani ya kuandamana na keki ya aiskrimu, kwa kawaida usiku mmoja wa safari. Hayo huisha baada ya dakika kumi au zaidi kidogo.

Kinachochosha zaidi ni kile kisichoisha. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila abiria wa matatu analijua: mtu akizungukwa na kelele, hupaza sauti bila kujijua. Meza ya watu kumi ikipaza, ya jirani nayo inapaza, mpaka ukumbi mzima unavuma kama stendi. Ukumbi wenye ghorofa mbili na uwazi katikati unapandisha muziki wa chini hadi juu. Meza iliyo karibu na mlango wa jikoni au na kabati la wahudumu inakula milio ya vijiko. Na ukumbi ukiwa nyuma kabisa ya meli, injini huweza kutikisa glasi mezani.

1. Mkahawa wa kulipia, usiku mbili au tatu tu

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, na sababu ni kwamba hulazimiki kubadilisha meli wala nauli. Meli kubwa karibu zote zina mikahawa midogo ya kulipia kando ya ukumbi mkuu: ya steki, ya Kiitaliano, ya Kifaransa. Mara nyingi ada huwa kati ya dola 40 na 80 kwa mtu, yaani kama shilingi 5,000 hadi 10,000. Ni pesa, sikatai, ila jumlisha vizuri. Watu wawili, usiku tatu, kwa dola 50 kila mmoja ni dola 300, kama shilingi 39,000. Kuhamia daraja la juu la kabini mara nyingi kunagharimu zaidi ya hapo, na bado utashuka kula ukumbi uleule.

Ujanja uko kwenye kuchagua usiku. Ukipanda meli, nenda kwa bosi wa ukumbi mkuu mchana wa siku ya kwanza, kabla hajazidiwa, umuulize wahudumu watacheza usiku gani na mavazi rasmi ni lini. Usiku huo ndio wa kuhamia mkahawa wa kulipia. Na usiku wa kwanza usiudharau. Wageni wengi bado wanatafuta masanduku yao, mikahawa ya kulipia haijajaa, na kampuni nyingine hutoa vivutio; kwa Carnival, chupa ya divai ya bure kwenye mkahawa wa steki usiku wa kwanza ni jambo la miaka mingi.

Ila kulipia si sawa na kununua utulivu. Teppanyaki, mapishi ya Kijapani ya mbele ya meza, unalipia, na unachopata ni mpishi anayerusha mayai na kugonga visu mbele ya watu usiowajua. Kwenye Icon of the Seas, meli iliyoanza safari Januari 2024, kuna Empire Supper Club, ghali kweli kweli, na bendi ya jazi inapiga mle mle unapokula. Celebrity nao wana chakula ambapo katuni ya mpishi mdogo inamulikwa juu ya sahani yako. Haina makelele sana, lakini ukumbi wote unakula kwa mwendo wa katuni. Kwa meli za aina ya Oasis za Royal Caribbean, mimi ningetafuta mkahawa wa 150 Central Park, ulio kando ya bustani yenye maelfu ya mimea halisi katikati ya meli.

2. Ukumbi mkuu, kwa saa na kona sahihi

Hili ni bure. Nimeliweka la pili kwa sababu linategemea bahati na adabu zako.

Meli nyingi zina mifumo miwili. Wa kwanza ni wa zamu, meza ileile kila usiku. Kwa mfano, Britannia Restaurant ya Queen Mary 2, meli ya kampuni ya Cunard, huwa na zamu ya saa 12 jioni na ya saa 2:30 usiku. (Kwenye karatasi zao itaandikwa 6:00 na 8:30. Mzee mmoja wa kwetu alikosea, akaenda kula saa ambayo wenzake walikuwa wamelala.) Mfumo wa pili ni wa kula wakati wowote jioni. Kampuni ya Norwegian ndio walioufanya kuwa jina lao tangu mwaka 2000, na meza zao hazina zamu kabisa.

Asiyependa kelele achague zamu ya pili. Watoto wengi wanakula mapema. Kwenye mfumo wa kula wakati wowote, fika mlango ukifunguliwa au subiri wimbi la katikati lipite. Kisha omba meza ya watu wawili kando ya dirisha, kwa sababu upande mmoja utakuwa na kioo badala ya meza nyingine ya kupiga makelele. Omba mbali na ngazi kuu na uwazi wa katikati, maana pale ndipo wahudumu huchezea.

Omba vizuri. Kwenye meli hizi wamo Wakenya wanaofanya kazi, wengi wao kutoka Pwani, na hilo ni mtaji ambao Mzungu hana. Siku ya tatu kijana mmoja wa Likoni alimsikia mama akinisemesha Kiswahili. "Shikamoo mama, kumbe mko hapa!" Mama akaitikia marahaba, akamweleza habari za sikio lake. Jioni ileile tulihamishiwa pembeni, nyuma ya nguzo pana. Hakuomba chochote. Bakshishi tulimpa mkononi mwisho wa safari, juu ya ile ya takriban dola 16 hadi 20 ambayo kampuni za Kimarekani hukata kwa kila mtu kila siku. Hiyo nayo ipigie hesabu kabla hujaondoka nyumbani.

3. Meli ndani ya meli

Kuna daraja la katikati ambalo mawakala wengi wa Nairobi hawalitaji mpaka uulize. Kampuni ya MSC wana Yacht Club, iliyoanza 2008 kwenye MSC Fantasia: eneo lenye mlango wake, sebule yake na mkahawa wake. Unakula ndani ya meli ya maelfu ya watu kama uko hoteli ndogo. Meli ndogo za MSC hazina eneo hilo, kwa hiyo taja jina la meli unapouliza.

Cunard nao wana Britannia Club. Kabini ni ya kawaida yenye baraza, tofauti ni kwamba unakula kwenye chumba kidogo cha pembeni, meza ni yako safari nzima na hakuna zamu. Kwa maoni yangu hii ndiyo bidhaa bora kwa mtu anayesherehekea miaka ya ndoa. Juu yake kuna Princess Grill na Queens Grill, za wenye pesa zao. Kumbuka tu kwamba Cunard wana jioni za mavazi rasmi, na kwamba safari yao maarufu ya usiku saba, Southampton hadi New York, inamdai Mkenya viza mbili, ya Uingereza na ya Marekani. Viza hizo huenda zikakuchosha kuliko kelele.

4. Meli ndogo za watu wazima

Kwa utulivu mtupu, hizi zingekuwa namba moja. Bei ndiyo imezishusha. Viking hawapokei mtu wa chini ya miaka 18, hawana kasino, na meli zao za baharini za mwanzo hubeba wageni 930. Mikahawa yao midogo haina ada ya ziada. Oceania pia hawatozi ada kwenye mikahawa yao maalumu, na hakuna zamu. Ukilinganisha bei, toa kwenye nauli yao yale ambayo kwingine ungelipia kandokando, na pengo litapungua, ingawa halitaisha.

Lakini usidanganywe na maneno "watu wazima pekee". Virgin Voyages hawapokei watoto, na bado wana Gunbae, mkahawa wa nyama ya kuchoma ya Kikorea ambako michezo ya kunywa ni sehemu ya chakula. Watoto hawajawahi kupiga kelele kama watu wa miaka arobaini waliokunywa soju, pombe ya Kikorea.

5. Kula kabini

Mama aliupenda usiku mmoja wa hivi kuliko zote: viatu vimevuliwa, mlango wa baraza wazi, mawimbi tu. Tatizo ni chakula. Kwenye meli za kawaida orodha ya kabini ni fupi: baga, saladi, supu. Royal Caribbean hutoza kama dola 8 na asilimia ya huduma juu yake kwa kila agizo. Disney hawatozi agizo la kawaida. Kwenye Silversea, Seabourn na Regent unaweza kuletewa chakula cha mkahawa mkuu, sahani moja baada ya nyingine, lakini hapo umesharudi kwenye bei za namba nne.

6. Bafe

Hakuna maonyesho, na nusu saa ya mwisho kabla ya kufungwa huwa na nafasi. Sahani zinagongana na chakula kimepoa. Iwe ya dharura.

Za kuacha kabisa

Chakula na onyesho kwa tiketi moja, hata kama wakala anakupa kama zawadi. Na ukumbi wa Animator's Palate kwenye baadhi ya meli za Disney, ambako kuta zenyewe ni sehemu ya burudani. Kwa wajukuu ni dawa, kwa asiyependa kelele ni adhabu. Disney huwazungusha wageni kwenye kumbi tatu kwa zamu, hivyo utaufikia tu. Siku hiyo hamia Palo, mkahawa wao wa kulipia wa wenye miaka 18 na kuendelea.

Kwa anayeanzia Nairobi

Safari rahisi kwa makaratasi zimekuwa za MSC kutoka Durban, miezi ya joto ya kusini, zinazogusa Pomene na kisiwa cha Portuguese Island, Msumbiji. Tangu Januari 2023 Mkenya hahitaji viza kuingia Afrika Kusini hadi siku 90 kwa mwaka, ila kadi ya homa ya manjano usiisahau. Kwa upande wa Msumbiji, uliza masharti kabla ya kulipa. Epuka zile fupi za wikendi, ni za sherehe. Chukua inayoondoka katikati ya juma. Ukienda Ulaya, na meli ikitoka eneo la Schengen kisha ikarudi, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Kabla ya kutuma amana, mwandikie wakala maswali haya, naye akujibu kwa maandishi: Ukumbi mkuu uko sehemu gani ya meli, na una ghorofa ngapi? Wahudumu hucheza usiku gani? Meza ya watu wawili inaweza kuwekwa kwenye nafasi yangu kuanzia sasa? Mkahawa wa kulipia unahifadhiwa lini, na kwa bei gani? Akikujibu kwamba burudani ipo kila usiku bila malipo ya ziada, hajakuelewa. Mwandikie tena.