Vikombe vya matendegu na mfuko wa godoro: uzoefu wangu wa kuzuia kunguni kwenye fleti Nairobi

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Katika vifaa vyote vya kuzuia kunguni nilivyotumia kwenye fleti ya chumba kimoja cha kulala, cha kwanza ambacho ningenunua tena ni vikombe vinne vya plastiki vya kuweka chini ya matendegu, yaani miguu ya kitanda. Mfuko wa godoro wenye zipu unafuata, mradi upate saizi yake. Unga wa diatomaiti, aina ya mwamba laini uliosagwa, ni wa tatu. Dawa ya mkebe ya kupuliza siipi hata nyota moja, na sababu nitaitoa.

Kikombe chenyewe ni kitu rahisi. Kina duara mbili, moja ndani ya nyingine, na mguu wa kitanda unasimama katikati. Ukuta wa nje umekwaruzwa makusudi ili kunguni apande bila shida. Akishafika ukingoni anadondokea kwenye mfereji ambao kuta zake ni laini, na hapo anakwama. Uzuri wake ni kwamba kinakwambia kunguni ametoka wapi. Aliyenaswa mfereji wa nje alikuwa akitoka chumbani kuelekea kitandani. Aliyenaswa mfereji wa ndani alikuwa kitandani tayari, anashuka. Hakuna dawa inayoweza kukupa habari hiyo.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni vumbi. Nairobi, hasa ukikaa karibu na barabara ya murram, vumbi la wiki mbili linatosha kumpa kunguni mahali pa kushika mguu akapanda na kuondoka zake. Futa mifereji kila wiki kwa kitambaa kikavu, kisha pakaza poda ya mtoto nyembamba mno, kiasi cha kuteleza tu. Poda ikirundikana inakuwa ngazi. Hili ni muhimu zaidi kwetu kwa sababu kuna kunguni wa aina mbili wanaouma watu, wa kawaida na wa nchi za joto, na huyu wa pili ana nywele nyingi zaidi za kunatia miguuni. Kikombe kinachomshinda wa kawaida, yeye anaweza kukipanda kikiwa hakina poda.

Kasoro ya pili ni vipimo. Vitanda vya mafundi wetu vina miguu minene. Mguu wa mraba wa inchi 3 una inchi 4 na robo kutoka kona hadi kona, na hicho ndicho kipimo cha kulinganisha na upana wa shimo la katikati, si upande mmoja. Kitanda cha boksi kinachokaa sakafuni hakina pa kuwekea kikombe, basi usijisumbue. Cha chuma chenye miguu ya bomba, hakikisha kila bomba lina kofia ya mpira chini. Bomba wazi ni nyumba ya kunguni ndani ya kikombe chako mwenyewe. Na kama umetandika zulia, weka kipande cha plaiwudi chini ya kikombe, la sivyo uzito wa kitanda unakipasua chini.

Kuna wanaotumia makopo yenye mafuta taa, kama zamani. Yanazuia, ndiyo, lakini yananuka, yanakauka, na moto ukitokea hutajua uanzie wapi kuzima. Ukikosa vikombe, chukua bakuli mbili za plastiki laini, moja kubwa na moja ndogo, weka ndogo ndani ya kubwa, zungushia ile kubwa selotepu ya karatasi kwa nje, upake poda kwa ndani. Inafanya kazi.

Lakini kikombe ni bure kama kitanda kina daraja jingine. Hapa ndipo wengi wanaposema "nilinunua, havikusaidia". Kitanda kiwe angalau inchi 6 kutoka ukutani, pamoja na ubao wa kichwani. Blanketi na neti zisiguse sakafu. Neti inayoburuzika ni kamba ya kupandia, na mishono yake ni mahali pazuri pa kujificha. Sanduku chini ya kitanda lisiguse mifumbati, yaani mbao za ubavuni mwa kitanda. Na kubwa kuliko yote, waya wa chaji: unatoka kwenye soketi, unapita chini, unaishia chini ya mto. Kunguni hahitaji mwaliko mwingine. Chaji simu mezani.

Mfuko wa godoro. Uzuie ununuzi mpaka upime, kwa sababu saizi zetu si za wenzetu. Godoro la Kenya la 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183. Mfuko wa kuagiza ulioandikwa Queen umeshonewa godoro la Marekani la sentimita 152 kwa 203. Upana unakubali, urefu unazidi kwa sentimita 20, na zile 20 zinakunjamana miguuni kuwa mikunjo ya kujifichia, huku kitambaa kikisuguana na chaga hadi kitoboke. La 6 kwa 6 ni 183 kwa 183, la 4 kwa 6 ni 122 kwa 183, na lile la 3 na nusu ni kama 107 kwa 183. Ongeza unene: inchi 6, 8 au 10. Mfuko wa inchi 8 kwenye godoro la inchi 10 utafungika kwa kulazimishwa, na zipu itaachia usiku mmoja ukigeuka. Nilichokiona bora ni kumpa fundi cherehani vipimo pamoja na kitambaa cha poliesta chenye utando wa kuzuia maji kwa ndani, na zipu ndefu ya meno madogo inayozunguka pande tatu.

Kwenye zipu ndipo pesa yako ilipo. Yai la kunguni lina urefu wa milimita 1 hivi, na mtoto aliyetoka kuanguliwa ana milimita 1.5, mwembamba kama karatasi kabla hajanywa damu. Funga zipu mpaka mwisho, kisha jaribu kupitisha kichwa cha pini pale kichwa cha zipu kinaposimama. Kikipita, mtoto wa kunguni anapita. Mifuko mizuri ina kifuniko cha kitambaa hapo mwishoni. Isiyo nacho, funga mwisho wa zipu kwa uzi au selotepu ngumu. Mfuko wa nailoni ngumu wa bei ya chini niliuacha: unatoa jasho na unachanika kwenye kona.

Kabla ya kuuvisha, pitisha mkono juu ya chaga zote utafute misumari iliyochomoza, na uipige msasa mbao yenye vibanzi. Simamisha godoro wima, watu wawili, vuta mfuko kutoka juu kwenda chini. Ukiuburuza juu ya kitanda utauchana siku ya kwanza. Nunua mweupe. Mfuko haumfukuzi kunguni, unamnyima tu mishono na vitundu vya godoro, kwa hiyo akikaa juu yake unamwona, pamoja na vidoa vyake vyeusi kama wino uliovuja. Kama unashuku kuna kunguni tayari ndani, usiufungue kwa mwaka mzima au zaidi, kwa maana mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila damu, na baridi ya Julai inamrefushia subira. Ile karatasi ya nailoni ambayo godoro jipya huja nayo, ambayo wengine huiacha miaka, si mfuko. Ina matundu, na kati yake na godoro ni pazuri pa kutagia.

Unga wa diatomaiti tunao nyumbani. Unachimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Unafanya kazi kwa kukwangua na kufyonza nta iliyo kwenye gamba la mdudu hadi akauke, hivyo kunguni hana njia ya kuuzoea kama anavyozoea sumu. Kosa la kila mtu ni kumwaga kama unga wa chapati. Ukiuona kama rundo, kunguni pia anauona, na anazunguka. Chovya brashi ya rangi, ikung'ute, halafu pitisha kwenye nyufa za skatingi, nyuma ya fremu ya mlango, na ndani ya boksi za soketi baada ya kuzima swichi kuu, si swichi ya soketi peke yake. Soketi nazitaja kwa sababu kwenye fleti zetu ukuta ni wa watu wawili, na bomba la waya linalotoka kwa jirani hadi kwako ni barabara. Usipake kitandani wala kwenye godoro, vaa barakoa, na usinunue ule wa kuchujia maji ya bwawa la kuogelea; umechomwa kwa joto kali na una silika yenye madhara kwa mapafu. Msimu wa mvua za masika unafanya kazi polepole, na ukilowa haufanyi kabisa. Mashimo makubwa ya mabomba chini ya sinki usiyategemee unga: ziba kwa silikoni.

Dawa ya mkebe sasa. Nyingi zina permetrini, sipametrini au deltametrini, kemikali zilizoigwa kutoka sumu ya ua la pareto. Kunguni wa sehemu nyingi za dunia wamekuwa sugu kwa jamii hiyo. Anayeguswa vilivyo anaweza kufa, waliobaki wanatawanyika hadi chumba cha pili, na mayai hayajali. Mabomu ya moshi ni vivyo hivyo, hayaingii kwenye ufa. Na tafadhali, vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani visiingie ndani ya nyumba kwa sababu yoyote: gesi ya fosfini inayotoka humo inaua watu, na haitaulizia nambari ya mlango.

Huduma ya kupiga dawa niliyoitumia ilikuja mara moja, ikanyunyiza kila kona kwa dakika ishirini, ikaondoka. Hiyo ni nusu ya kazi. Mayai huanguliwa kwa siku 6 hadi 10 hivi, baridi ikiyachelewesha, kwa hiyo ziara ya pili baada ya siku 10 hadi 14 iandikwe kwenye makubaliano kabla hujalipa. Waulize jina la kiambato, waombe kuona lebo yenye nambari ya usajili wa PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za kuua wadudu, na uliza kama wana mashine ya mvuke. Mvuke ukipitishwa polepole, futi moja kwa sekunde 10 hadi 15, unaua mkubwa na yai papo hapo. Ukikimbizwa unapuliza tu.

Methali inasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa mpangaji wa Roysambu au Pipeline hiyo ni orodha ya ukaguzi. Kabla hujalipa depoziti, nenda na tochi na kadi ngumu, ipitishe kwenye bawaba za kabati, nyuma ya boksi la pazia na kwenye matundu ya misumari ukutani. Keateka, yaani msimamizi wa jengo, atakushangaa, mwache ashangae. Pikapu ya kuhamisha mizigo ije bila yale mablanketi yake ya kufunikia vitu. Tumia shuka zako, kisha uzifue.

Nguo za mitumba za Gikomba usizianike ukadhani umemaliza. Jua la Nairobi halifikishi katikati ya jinzi joto la nyuzi 50. Kwenye laundri yenye mashine ya kukausha, omba dakika 30 kwa joto la juu, nguo zikiwa kavu tayari. Friza inafaa ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4. Kile kisanduku cha juu cha friji ndogo mara nyingi hakifiki huko.

Lalamiko langu lililobaki ni kochi. Hakuna mfuko unaolitosha, na miguu yake mara nyingi ni ya inchi 2, kitako kinagusa ukingo wa kikombe na kunguni anapita juu kwa juu. Suluhisho niliyoiona ni kumwagiza fundi afungue miguu ile, afunge ya inchi 4 kwa skrubu, na avute kile kitambaa cheusi cha chini kisichoshonwa vizuri akibane upya kwa stepo kila nusu inchi.