Premio, Axio, Sylphy, Grace au Axela? Kakae nyuma kwanza

Watu wengi wakienda yadi kuangalia gari wanakaa siti ya dereva, wanashika usukani, wanawasha AC, wanafungua boneti na kuchungulia injini hata kama hawajui wanatafuta nini, afu hao kwenye bei. Mlango wa nyuma haufunguliwi kabisa. Na kwa maisha ya huku gari ni moja tu ndo ya familia nzima, watoto nyuma, mama mkwe nyuma, shemeji nyuma, afu Desemba mnatoka Dar kwenda Moshi kilomita zaidi ya 500 na watu wazima watatu wamebanana, hapo ndo utajua ulinunua nini.

Mi kipimo changu ni hiki, naweka siti ya dereva vile ninavyoendesha siku zote, sijisogezi mbele kumfurahisha dalali, afu nashuka naenda kukaa nyuma ya hiyohiyo siti. Mi ni mrefu kiasi, futi sita kasoro kidogo, kwa hiyo gari ikinitosha mimi itawatosha wengi.

Kabla sijaanza, kuna kitu lazima kieleweke maana kinabishaniwa sana vijiweni. Utasikia eti Premio ni pana kuliko Axio. Hapana aisee. Japan wana daraja la gari ndogo, zile za namba 5 (tarakimu ya daraja kwenye kibao cha namba), ambapo gari haitakiwi kuzidi upana wa mita 1.70, urefu mita 4.70, kimo mita 2 na injini ya petroli isizidi 2000cc. Ukizidi hata kimoja unahamia namba 3, daraja la gari kubwa zaidi. Sasa watengenezaji wakakaa palepale mpakani, ndo maana Premio, Allion, Axio, Grace na ile Bluebird Sylphy ya zamani zote zina upana wa milimita 1,695, zote! Kwa hiyo mtu wa tatu pale katikati nyuma anateseka kwenye zote, msidanganyane. Kinachotofautiana ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na jinsi walivyopanga vitu huko chini.

Tuanze na Premio basi, hii ya 2007 kuja juu. Kati ya ekseli na ekseli ni milimita 2,700, Axio ni 2,600, na hizo sentimita kumi utazikuta kwenye magoti. Siti ya nyuma ya Premio ni nene, sponji yake imejaa, kitambaa laini, na nyingi nilizokaa mgongo wa siti unalala kidogo ukivuta kishikio, yaani mzee akilala mpaka Chalinze hakuamshi. Kwa abiria, kati ya hizi za namba 5, mi sijaona ya kuishinda kwa bei zake. Shida yake ni mbele. Siti ya dereva ni bapa, haina vile vibavu vya kukushika, ukipanda Kitonga na zile kona unajikuta unajishikilia kwenye usukani badala ya kuuendesha. Allion ndo hiyohiyo, ekseli umbali uleule, ni bodi tu imepungua sentimita chache, kwa hiyo anayekwambia Allion ni finyu ndani mwambie akapime.

Axio naipenda lakini tuseme ukweli. Ile ya 2012 Toyota waliihamishia kwenye jukwaa (yaani ule msingi wa chini) la gari ndogo, ndugu zake kina Vitz, wakaifupisha na nje. Kwa ajabu nyuma haikuharibika, maana migongo ya siti za mbele waliifanya myembamba, kwa hiyo magoti yangu yanapona, kwa shida kidogo ila yanapona. Lakini wembamba una gharama yake bwana. Dereva kiuno kinaanza kulalamika mapema kuliko kwenye Premio, na nyuma kalio la siti ni fupi, mapaja yanabaki hewani. Kwa mizunguko ya mjini, Mbagala Posta, Kimara Kariakoo, hutasikia kitu. Wale wa haibridi, za mafuta na umeme, msiogope, betri imekaa chini ya siti ya nyuma na buti halijaguswa.

Grace ndo iliyonishangaza. Honda wameitoa kwenye Fit, ekseli 2,600 kama Axio, kwa hiyo niliikalia nikiwa nimeshaidharau. Loh, miguu inanyooka! Siri ni tanki la mafuta, wamelisukuma chini ya siti za mbele, sasa nyuma pamebaki nafasi wakarudisha siti nyuma. Kwa magoti inalingana kabisa na Premio. Ila kichwani sio rafiki, paa linashuka, na siti zenyewe ngumu kidogo, barabara mbovu zile za mtaani utaisikia kila kokoto.

Sylphy sasa. Sio ile ya namba 5, nasema hii ya mwisho wa 2012 kuendelea, ya 1800cc. Nissan wakaamua liwalo na liwe, wakaivusha mpaka upana wa milimita 1,760, ekseli 2,700. Kwa nyuma hii ndo mfalme, sina ubishi. Nikikaa nyuma yangu mwenyewe napandisha mguu juu ya mguu. Watu watatu wanakaa kama watu, mabega hayagombani. Siti laini kama kochi la sebuleni, ambayo ni sifa na ni lawama, maana dereva ukikaa masaa mengi unazama na mgongo wa chini haupati wa kuushika, mi huwa natupia kamto. Watu hawainunui kwa sababu ya kuogopa spea na kuuza tena, hiyo ni mada nyingine, leo naongelea makalio.

Axela, hii ya mwisho wa 2013 kuendelea, ni kinyume chake. Upana 1,795, ekseli 2,700, kwa karatasi ungesema nyuma ni ukumbi. Wapi! Boneti ndefu imekula nafasi, paa limelala kwa ajili ya urembo, madirisha madogo, watoto wanalalamika hawaoni nje. Ila siti ya dereva ya Mazda ndo bora kuliko zote nilizozitaja, inakushika kiunoni mpaka magotini, unafika Dodoma unashuka kama umetoka kwenye kikao. Kama abiria wako ni mkoba na laptopu, chukua.

Subaru Impreza G4 nitasema neno moja tu, lile tuta la katikati sakafuni. Wa kati anakaa miguu kama amepanda bodaboda.

Mwisho kabisa, hizi gari zote tunazipata zimeshakaliwa Japan miaka mingi. Bonyeza siti ya dereva upande wa mlangoni kwa kiganja, ukiona inazama na hairudi haraka basi sponji limechoka, fundi siti anabadilisha, sio mwisho wa dunia. Na hizi siti kava za ngozi tunazokimbilia kuvalisha siku ya kwanza, mnaharibu tu, jua la Dar unakalia kikaango na mgongo unaloa. Ukitaka kuvalisha kwa lazima, angalia ubavuni mwa siti ya mbele, kama kuna kijitambulisho kimeandikwa SRS AIRBAG mwambie fundi asiuzibe huo upande, eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali, inatokea hapohapo.