Raba za mbio ndefu za milimani: ipi ununue kwanza

Kama unakimbia kilomita 30 na kuendelea kwenye njia za Usambara, Ngong au miteremko ya Meru, fedha zako nyingi ziende kwenye raba. Raba ya barabarani haina meno. Ukishuka nayo kwenye udongo mwekundu uliolowa, utateleza, na ukikanyaga mawe makali, nyayo zitauma kabla hujafika nusu ya njia.

Ya kwanza kwangu ni Hoka Speedgoat. Ina sponji nene inayookoa magoti kwenye miteremko mirefu, na soli yake ya mpira wa Vibram Megagrip inashika hata jiwe lililolowa. Meno yana takribani milimita 5, yanatosha kwa njia nyingi. Kasoro yake ni kwamba mguu unakaa juu, hivyo kwenye mawe yaliyolegea kifundo hupinda kirahisi.

Ya pili ni Altra Lone Peak. Mbele ni pana, na kisigino kiko usawa mmoja na vidole. Wengi wetu tuliokua tukitembea peku tuna miguu iliyotanuka mbele, na raba nyembamba hutulipa malengelenge na kucha nyeusi. Ila usiihamie kwa pupa. Ikiwa umezoea kisigino kilichoinuka, kano ya nyuma ya mguu italalamika. Anza na mbio fupi kwa wiki kadhaa.

Salomon Speedcross ni ya tatu, lakini wakati wa masika ingekuwa ya kwanza. Meno yake ni marefu na yameachana, kwa hiyo tope halikwami. Kiangazi, kwenye murram ngumu, meno hayohayo huisha haraka.

Enda Koobi Fora ya Kenya naiweka ya nne, kwa njia nyepesi. Kwa barabara za vumbi kama zile za mbio za Lewa, inatosha, na sioni sababu ya kulipia meno marefu usiyoyahitaji.

Bei ya mpya ikikushinda, nenda kwenye mitumba ya Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, lakini nenda na macho. Soli yenye meno mazima si ushahidi wa uzima. Kinachokufa kwanza ni sponji, na huchakaa hata raba ikiwa imekaa tu kwenye sanduku miaka mingi. Ibonyeze kwa kidole gumba: kama ni ngumu au ina mikunjo mingi pembeni, iache. Iweke mezani uitazame kwa nyuma; iliyolalia upande mmoja imeshazoea mguu wa mtu mwingine, na itauvuta wako. Vuta ukingo wa soli uone kama gundi inaachia. Ijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu.

Baada ya raba, nunua tochi ya kichwani. Kwetu karibu na ikweta giza huingia upesi mno, na aliyechelewa msituni hana muda wa kujipanga. Chagua yenye mwanga wa lumeni 200 au zaidi, na betri ya akiba.

Kibegi cha maji kinachobana kifuani, chenye chupa laini 2 za nusu lita, kinatosha wengi. Rukaruka nacho dukani kikiwa kimejazwa maji. Kikicheza hapo, kitakuchubua mabega njiani.

Koti la mvua ni la mwisho kununua, ila usipande juu bila hilo, maana baridi ya mlimani ikikukuta umelowa ni hatari. Kabla hujalipa, ligeuze ndani nje. Mishono isiyozibwa kwa utepe hupitisha maji, hata lebo iseme nini.