Maika ya maikrowevu: ipi ununue ukifika Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi

Maikrowevu ikianza kurusha cheche pale ndani ubavuni, usikubali haraka ukiambiwa magnetroni, ile sehemu inayotoa mawimbi, imekufa, kwanza cheki maika, ile karatasi ngumu ya madini, ya kahawia, iliyofunika tundu la kupitishia mawimbi. Kama imetoboka ama ina doa jeusi, shida mara nyingi ni hiyo tu. Mafuta ya chakula yamerukia hapo, yakaungua yakawa makaa, na makaa hupitisha umeme. Maika yenyewe haipitishi, na mawimbi hupenya bila matata.

Namba moja kwangu ni shiti nzima ya flogopaiti, aina ya maika ya rangi ya asali, huvumilia joto la digrii kama 700. Chukua ya unene wa milimita 0.4 hivi, ulaze ile ya zamani juu uchore ukate na makasi ya kawaida, na ikiwa kubwa unabaki na kipande cha siku ingine.

Ya pili ni muskovaiti, nyeupe-nyeupe kama fedha, yake ni kama digrii 500 na kwa kupasha githeri inatosha kabisa, kama ya asali imeisha dukani beba hii. Kabla ya kulipa pinda kona kidogo, ikianza kubanduka magamba rudisha.

Tatu, iliyokatwa tayari ya modeli yako. Ni sawa, lakini hapo unalipia makasi ya mtu, labda kama ina vishikizo vya ajabu.

Kuna ya kiwandani pia, fluoroflogopaiti, ambayo floraini imeingia mahali pa hidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoshikana) ndio maana inafika karibu 1000, lakini ya nini jikoni? Hiyo itafute kwa poda ya lipuglosi ama aishado, inang'aa safi zaidi na hakuna mtoto wa Jharkhand kule India ameingia shimoni kuichimba.

Mkia ni plastiki. Teflon walau hufika 260, na mashine zingine hutoka kiwandani na kifuniko cha plastiki, lakini kukata mfuniko wa ndoo ya kimbo, na watu hufanya, aki wacha.

Chomoa plagi, panguza mafuta nyuma ya tundu, usifungue bodi ya nje kwa sababu kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, hubaki na umeme hata plagi ikiwa nje. Na kama rangi ya ukuta imeungua mpaka chuma kinaonekana, maika mpya pekee haitazima cheche.