Wavu na hadubini ya simu: lenzi ni nzuri, kijitabu kinapotosha

Seti niliyoinunua mtandaoni kwa Sh 165,000 ina vitu vitatu: wavu wa kunasa planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, wenye matundu ya mikroni 100 (sehemu ya kumi ya milimita), hadubini ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu, na kijitabu cha kurasa nane. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Tanga, na niliinunua kwa shabaha moja, yaani kuviona vile viumbe vya seli moja vya bahari kuu vinavyofuga mwani mwilini mwao, ambavyo kwa miaka mingi nimevifundisha kwa kuchora ubaoni tu.

Wavu ndio ulioniudhi kwanza. Kijitabu kinaagiza uburutwe nyuma ya mashua kwa dakika kumi, nasi tukalitii agizo hilo katika Mkondo wa Pemba, mbali na miamba, pale maji yanapokuwa ya buluu nzito. Tulichopandisha kilikuwa uji wa kamasi wenye kopepodi, yaani vidudu jamii ya kamba, waliopondeka. Foraminifera wanaoelea, kundi mojawapo la viumbe niliokuwa nikiwatafuta, wana miiba ya chokaa myembamba mno, na wakisuguliwa kwenye kitambaa miiba hiyo hukatika, mwani ukapotea nayo. Ndiyo maana watafiti huzamia na kuwanasa mmoja mmoja kwa chupa. Safari ya pili nilimwomba nahodha azime mashine, tukauacha wavu uning'inie kwa dakika mbili tu, na wachache wakatoka wazima.

Lenzi, kwa upande wake, inastahili sifa. Saa nne asubuhi nilimwona foraminifera mmoja asiyefika nusu milimita, na juu ya miiba yake yote zilikuwa zimetapakaa chembe za rangi ya dhahabu, mithili ya manjano iliyomwagika juu ya sindano. Hizo ni dinoflagelata, mwani unaompa mwenyeji wake sukari inayotokana na usanisinuru, naye akaupa hifadhi na virutubisho ambavyo maji yale maangavu hayana vya kutosha. Mchana huutandaza kwenye miiba upate jua. Nilimwacha katika kichupa kilekile, na nilipomtazama tena saa mbili usiku miiba ilikuwa mitupu na gamba limekolea rangi, kwa kuwa mwani wote ulikuwa umerudishwa ndani. Kwangu mimi, dakika hizo chache zililipa nusu ya bei.

Akantaria, kundi jingine la viumbe hao wafugao mwani, walinishinda. Mwani wao ni wa jenasi ya Phaeocystis, ambao ukiwa huru ni chembe ndogo sana, lakini ndani ya akantaria huvimba na kloroplasti zake, yaani sehemu zinazofanya usanisinuru, kuongezeka, hata mtu akajiuliza kama ni mgeni au mateka. Kuliona badiliko hilo kunahitaji ukuzaji mkubwa, na hapo picha ya hadubini hii hufifia kuanzia pembeni. Tena mifupa ya akantaria ni ya sulfati ya stronti, nayo huyeyuka baada ya kufa, hivyo watazamwe siku hiyohiyo.

Kijitabu sina la kukitetea. Kinaziita zile chembe za dhahabu "mayai", ilhali mtafiti Cienkowski alionyesha tangu mwaka 1871 kwamba huendelea kuishi na kugawanyika hata mwenyeji akifa, na mwaka 1881 mwanazuolojia Karl Brandt akazipa jina la mwani, Zooxanthella. Kosa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu foraminifera anapokaribia kuzaa huumeng'enya au kuutoa mwani wake, na watoto hulazimika kuutafuta wao wenyewe baharini. Mwanafunzi akisoma "mayai" ataelewa kinyume kabisa cha hali ilivyo.

Naipa seti hii nyota tatu kati ya tano. Ikiwa muuzaji anakubali kuuza hadubini peke yake, inunue hiyo, uchukue na chupa ya kioo yenye mdomo mpana badala ya wavu, na ukirudi pwani uisuuze hadubini kwa maji yasiyo na chumvi, kwani skrubu ya kurekebisha lenzi ya kwangu imeshaanza kushika kutu baada ya safari mbili.