Uzoefu wangu wa kuinstoli programu kwenye Windows, Mac na Linux kwa bando la Dar

Nina steshenari ndogo Sinza, tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani, na pembeni napiga Windows na kuwawekea watu programu kwenye laptopu zao, kwa hiyo mashine za kila aina zinapita mikononi mwangu. Swali ninaloulizwa sana ni ipi ni rahisi kuinstoli vitu, Windows, Mac au Linux (ile sistimu ya bure), na watu wakiuliza hivo wanafikiria kubonyeza. Kubonyeza ni rahisi kote jamani, hata mzee wangu wa miaka sabini anabonyeza. Shida iko kabla ya kubonyeza: hilo faili umelitoa wapi, ni lenyewe kweli au kuna mtu kalivalisha jina la lenyewe, na mpaka programu ifunguke limekula MB ngapi. Ukizipima hizi sistimu kwa maswali hayo majibu yanageuka kabisa.

Windows kila mtu anaijua. Dabo kliki kwenye exe, lile faili la kuinstolia, dirisha linakuja linauliza unaruhusu au huruhusu (hilo lilianza na Vista), nekisti nekisti finishi, imeisha. Sasa angalia mwanafunzi anavyoitafuta hiyo exe. Anaingia Google anaandika VLC free download, anabonyeza cha kwanza kilichotokea ambacho saa nyingine ni tangazo la mtu, anafika kwenye ukurasa una vitufe vikubwa vya kijani kila kona, na linki ya ukweli ni ka maandishi kadogo kule chini ambako hakuna anayekaona. Kinachoshuka ni kiinstola cha huyo mwenye ukurasa, kinakuja na antivirusi ya majaribio ambayo hukuiomba, kinabadilisha ukurasa wa mwanzo wa brauza, na VLC nayo ipo ndani humo imebanwa katikati. Wakati VLC yenyewe iko videolan.org, ya bure, haina tangazo, MB arobaini na kidogo tu. Lile onyo la bluu la Windows linalosema faili halijulikani linajitahidi lakini watu wameshazoea kulipita, hawalisomi tena.

Lakini nitaipa haki yake. Windows ina kitu kimoja ambacho kwa mji kama huu ni kikubwa sana, exe nyingi zinabeba kila kitu ndani yake. LibreOffice nimeishusha mara moja, kama MB mia tatu na kitu, iko kwenye flashi, naiweka kwenye mashine kumi bila kugusa bando hata la jero. Cha kuangalia ni hizi brauza na programu zinazokupa kafaili kadogo ka MB moja au mbili, unafurahi kameshuka haraka, kumbe kakifunguliwa ndo kanaanza kushusha mzigo wenyewe, na kila mashine inaanza upya kushusha. Nyingi zina toleo kamili la oflaini, ila limefichwa kurasa za ndani, litafute, ukilipata litunze.

Na tukiongelea Windows hapa mjini hatuwezi kuruka kraki. Mtu anaingia, "Kaka mambo, niwekee Office ile ya bure." Ile ya bure anayoisema ni ya kulipia iliyokrakiwa, na hizo aktiveta zake, vijiprogramu vya kuvunja kufuli, nyingi sharti la kwanza zinakwambia zima antivirusi. Fikiria hilo sharti. Kitu usichojua kimeandikwa na nani kinakuomba umtoe mlinzi getini halafu ukipe funguo zote, maana kuinstoli kwa ruhusa ya admini ni hivo, kinaweza kufanya chochote. Kuna mdogo wangu mmoja wa chuo, mwaka wa mwisho, aliletewa laptopu imeshawekewa kila kitu huko ilikonunuliwa, baada ya muda mafaili yote yakabadilika jina mwishoni, hayafunguki, na karatasi kwenye deskitopu inadai hela. Risechi yake ilipona sura tatu za mwanzo tu kwa sababu alikuwa ameshamtumia msimamizi kwa imeili. Alikaa hapo kwenye benchi langu analia na mi sikuwa na cha kumfanyia. Tangu hapo mtu akitaka kraki namwambia kwa heshima kabisa siweki, namfungulia LibreOffice, namuonyesha jinsi ya kusevu docx, au kama intaneti anayo namuonyesha Word ile ya kwenye brauza ambayo ni bure ukiwa na akaunti. Wengine wanaondoka wanaenda fremu ya pili. Sawa.

Kitu ambacho watu wa Windows wengi hawakijui ni winget. Toleo la 1.0 lilitoka 2021, ipo kwenye Windows 11 na kwenye Windows 10 zilizoapdetiwa. Unafungua dirisha la kuandika amri, unaandika winget install VideoLAN.VLC, yenyewe inaenda kwa mwenye programu, inashusha, inalinganisha alama ya faili na ile iliyoandikishwa, zisipofanana inakataa. Hamna Google, hamna vitufe vya kijani. Na winget upgrade --all inaapdeti zile inazozijua kwa mkupuo. Mi naona hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote Microsoft walichoongeza upande huu na nasikitika kimefichwa kwenye dirisha jeusi ambalo mteja wangu wa kawaida akiliona anadhani mashine imeharibika.

Mac naitumia mwenyewe kwa video za harusi na kadi, ni ya mtumba. Kuinstoli kwake ukiangalia tu kwa macho ndo kwepesi kuliko zote, unafungua dmg, faili linalofunguka kama diski, unaona ikoni na folda ya Applications, unaburuta, basi. Ila nimeletewa Mac nyingi ambazo mwenyewe anasema programu "inapoteaga", kumbe hakuburuta, anaifungua humo humo ndani ya dmg, akizima mashine dmg inaondoka nayo inaondoka. Hakuna mahali ile dirisha imemwambia neno, ni mshale tu umechorwa.

Kwenye swali langu la faili limetoka wapi, Apple wamekaza. Kuna mlinzi anaitwa Gatekeeper tangu 2012, programu isiyosainiwa inazuiwa, na kwenye macOS (sistimu ya Mac) Sequoia ya 2024 wameondoa hata ule ujanja wa kubonyeza na Control ukachagua kufungua, sasa hivi mpaka uingie kwenye Settings, Privacy and Security, ushuke chini ndo uruhusu. Kwa mtu wa kawaida mi nakubaliana nao kabisa, inasumbua lakini inamuokoa. Anayeumia ni yule anayetumia kaprogramu kazuri ka mtu mmoja aliyekatengeneza peke yake na hajalipia akaunti ya udevelopa.

Mac ya mtumba ina mtihani wake pia. Ukifika kwenye saiti unakuta chaguo mbili, Intel na Apple Silicon, hizi za M1 kuja juu zilianza mwisho wa 2020. Ukiwa na M1 ukashusha ya Intel itakubali kwa kupitia Rosetta, mkalimani wa Apple, ukiwa na Intel ukashusha ya M1 umechoma bando bure. Halafu mashine ikishagota kwenye macOS ya zamani, App Store inakwambia programu hii inataka toleo jipya, na toleo jipya mashine haipokei. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako Kariakoo muombe muuzaji aibonyeze ile alama ya tufaha uone macOS ni ya ngapi na chipu ni ipi, usiridhike na kioo kinang'aa. Homebrew ipo pia, ya kuweka programu kwa amri kama winget, Max Howell aliianzisha 2009, ukiizoea ni tamu, ila kabla haijakuwekea kitu cha kwanza inataka vifaa vya Apple vya madevelopa ambavyo ni mzigo mkubwa wa kushusha, hiyo fanya kwenye Wi-Fi ya mtu.

Sasa Linux. Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanakoogopa na ndo mi nimepapenda.

Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa upande wa Intel prosesa ya jenereshoni ya nane kwenda juu. Mashine tunazozitumia sisi huku nyingi ni i5 ya jenereshoni ya nne, ya sita, mashine nzima kabisa, kibodi nzuri, hadidiski ukibadilisha ukaweka SSD inakimbia. Kuzitupa ni dhambi. Kwa hiyo nimekuwa nawawekea watu Linux Mint, mojawapo ya hizo Linux, na woga wao wa kwanza ni huo huo, "programu nitaweka vipi?"

Jibu ni kwamba hutafuti mtandaoni. Unafungua Software Manager, unaandika jina, unabonyeza install, unaandika paswadi. Nyuma yake ni apt, mfumo uliotoka kwa Debian, watengenezaji wa Linux, ambao wako kazini tangu 1993, wana vifurushi zaidi ya 60,000, na Linux nyingine kama Ubuntu na Mint zimejengwa juu yao. Kila kifurushi kinahakikiwa kwa saini kabla hakijaingia, na kama kinahitaji vitu vingine apt inavileta yenyewe. Ni kama kununua dawa famasi badala ya kununua kwenye begi la mtu stendi. Na kuapdeti ni sehemu moja kwa vyote, brauza, LibreOffice, sistimu yenyewe, sio kila programu inakurukia na kadirisha kake ka apdeti.

Kwenye MB pia apt ni nyepesi, maana vitu vinavyotumika na programu nyingi vinashushwa mara moja vinatumika na wote. Ila sio kila kinachoitwa Linux kiko hivo, hapa ndo watu wanaliwa bando bila kuelewa. Flatpak, njia nyingine ya kufungasha programu, inabeba mazingira yake yenyewe, kwa hiyo kaprogramu ka MB ishirini cha kwanza kukiweka kinaweza kuvuta mamia ya MB nyuma yake. Snap, njia ya Ubuntu ya kufungasha programu, nayo ni mizigo mikubwa na kwa kawaida inaangalia apdeti mara nne kwa siku na kujiapdeti yenyewe, tena tangu Ubuntu 22.04 Firefox yenyewe ni snap. Kama intaneti yako ni hotspoti ya simu hiyo inauma, kuna amri, sudo snap set system refresh.metered=hold, inaiambia isubiri ukiwa kwenye intaneti ya kupimwa, yaani ya bando. Mint waliizima Snap tangu toleo la 20 mwaka 2020, na kwenye Software Manager yao programu ikiwa na njia mbili unachagua mwenyewe kifurushi cha sistimu au Flatpak. Mwambie mteja achague cha sistimu kwanza, chochote kile, Flatpak iwe pale ambapo hamna namna au toleo la sistimu ni la zamani mno.

Na flashi je? Watu wanasema Linux bila intaneti huwezi kuinstoli kitu, si kweli, ila kuna mitego. Kwenye Ubuntu ukiinstoli kwa apt, mafaili ya deb, yaani vifurushi vyenyewe, yanafutwa ikimaliza, ukitumia apt-get yanabaki kwenye /var/cache/apt/archives, tofauti ya herufi nne tu na mwenye bando dogo anaihitaji sana. Unayakopi kwenye flashi, unaenda mashine nyingine yenye toleo lile lile, unafungua taminali kwenye folda hiyo, sudo apt install ./*.deb, yanaingia. Mtego wa pili, mashine ya kwanza inashusha vile tu ambavyo haina, kama ilishakuwa na kitu fulani hicho hakitakuwa kwenye flashi na ya pili italalamika. Kwa hiyo mashine yangu ya kushushia ni Mint safi ambayo siiwekei kitu kingine, nashusha kwa sudo apt-get install --download-only, halafu nakopi. Hiyo njia nimewafanyia watoto wa jirani, shule yao ina kompyuta na intaneti haina, na kila kitu kilikubali.

Printa usidhani zote zitakataa, HP nyingi zinakubali kwa sababu draiva zake zimo humo humo kwenye hazina ya Ubuntu na Mint, kuna siku unachomeka waya unashangaa printa imeshatokea. Nyingine zinagoma kabisa, hasa skana za zile printa za kila kitu kimoja, hivo kabla ya kumhamisha mtu nawasha Mint kutoka kwenye flashi bila kuinstoli, tunaprinti karatasi moja, tunaskani moja, ndo tunakubaliana.

Kuna watu siwahamishi. Mwenye kazi ya mabango anaishi ndani ya CorelDRAW au Photoshop, hizo kwa Linux hazitoki, Inkscape na GIMP ni nzuri na mi nazitumia lakini mteja wake anamletea faili la cdr la CorelDRAW na anataka lile lile lirudi. Kuna fundi mabango mmoja hapa mtaani kwetu alitaka Mint baada ya kuona yangu inavyokimbia, nikamwambia hapana kaka, we baki na Windows, tafuta hela ya mashine ya jenereshoni ya nane taratibu, kwa sasa niletee hiyo uliyonayo nikuwekee programu zako kutoka kwa wenyewe na intaneti yako niiwekee metered, yaani ya kupimwa, isiwe inajishushia vitu usiku.