Walinipandisha kifurushi, kumbe ugonjwa uko kwenye kidaka

Kampuni siitaji, ila wenye laini yao ya intaneti hapa Lamu mtajijua.

Nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wangu wengi wako Ulaya, na saa zangu ni baada ya magharibi. Saa hizo hizo ndipo intaneti ilipokuwa inakufa. Asubuhi shwari, jioni balaa. Siku moja namfundisha mama wa watu kutamka ng'ombe, akaganda mdomo wazi. Aliporudi, nusu saa yake aliyoilipia imekwisha. Nilimrudishia pesa, na niliona haya.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea hakunisalimu. "Mama, zima ruta uiwashe." Nimezima na kuwasha mara ngapi sijui. Mara ya tatu akaniambia, "Huko kwenu nyumba ni za zamani, ndivyo zilivyo. Panda kifurushi." Nyumba hii aliijenga babu wa babu yangu, kuta zake za mawe ya bahari na chokaa, unene wa dhiraa nzima. Nikaumia, lakini nikapanda, kutoka kasi ya Mbps 10 hadi 20. Hali ikabaki vile vile. Wakaleta fundi, akasimama dakani, pale mlangoni, na simu yake, akasema laini ni nzima, akaenda zake. Hata hodi ya ndani hakupiga.

Aliyeniokoa ni mtoto wa kaka yangu, anatengeneza simu Langoni. Kwanza alichomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta yangu, akapima: 19. Akachomoa waya, tukaenda chumbani ninakofundishia: 2. "Shangazi, intaneti inafika. Inapotelea humu humu ndani."

Ruta yenyewe, mafundi wao walipokuja kuifunga, waliitia kwenye kidaka cha msana, yaani kishubaka cha ukutani kwenye ukumbi wetu mrefu, pale lilipokuwa bakuli la kaure la bibi yangu. Yaani mawe nyuma, mawe kushoto, mawe kulia. Halafu akanionyesha kwenye simu yake mitandao ya majirani: karibu yote iko chaneli 6, njia moja ya mawimbi, na wangu umo. Kwenye 2.4 GHz, mawimbi ya Wi-Fi tuliyokuwa tukitumia, chaneli zisizopandana ni 1, 6 na 11, basi sote tulikuwa tunapigiana kelele mahali pamoja. Na ukuta wa pili kuna mkahawa unaopasha chakula kwa maikrowevu kuanzia magharibi, nayo hutumia mawimbi ya karibu 2.45 GHz. Sikuamini. Akamwomba jirani aiwashe na kuizima mara tatu, mimi naangalia namba: ikiwaka inaporomoka, ikizimwa inapanda. Mara zote tatu!

Akanihamishia chaneli 1. Ruta akaitoa kidakani, akaiweka juu ya kabati kuelekea mlango, na kompyuta akaiunganisha na 5 GHz, mawimbi mengine ya Wi-Fi, ambayo maikrowevu haiigusi. Hiyo huchoka haraka ikikutana na ukuta, kwa hiyo sasa nafundishia msanani. Kazi yote haikufika saa moja. Tangu hapo sijakatikiwa na darasa hata moja.

Kwa hiyo laini yao ni nzuri, sitasema uongo. Nilikuwa nimeazimia kutoa nyota moja, nikafikia nne. Lakini kila nikiandika hiyo nne namkumbuka yule kijana. Alisema nyumba ni za zamani. Maana yake alijua kuta zinazuia! Kama alijua, kwa nini hakuniambia toa ruta kidakani? Kwa nini aliniuzia Mbps 20 zikafie kwenye jiwe lile lile?

Nimeomba kurudi 10 na nirudishiwe tofauti ya miezi niliyolipa bure. Wanasema watanipigia. Wakinipigia, na wakianza kwa salamu, nitaweka nne. Kwa leo ni mbili, na zote mbili ni za waya.